Sir John Charnley, Daktari wa Nyonga na Mwalimu wa Wapasuaji

Wengi wetu tunaye nyumbani bibi au babu ambaye hawezi tena kwenda shambani, msikitini au kanisani kwa sababu ya maumivu ya nyonga au ya goti. Akitaka kuinuka hushika ukuta, na usiku hugeuka huku na huku akitafuta upande usiouma. Zamani mtu kama huyo aliambiwa avumilie, kwa kuwa uzee hauna dawa. Siku hizi daktari aliyefundishwa vizuri aweza kukiondoa kiungo kilichoharibika na kuweka kingine cha chuma na plastiki, na mgonjwa akatembea tena.

Muhula huu tunasimulia maisha ya mtu ambaye, kuliko mwingine yeyote, aliifanya kazi hiyo iwezekane, yaani Sir John Charnley wa Uingereza. Tutaona jinsi alivyovumbua, lakini zaidi tutaona jinsi alivyofundisha, maana uvumbuzi wake ungaliweza kuwadhuru watu wengi kama asingalikuwa mkali katika kuwafundisha wapasuaji wenzake.

UTOTO NA MASOMO

Upande wa kaskazini-magharibi wa Uingereza liko jimbo la Lancashire, ambalo zamani lilikuwa mashuhuri duniani kwa viwanda vya kufuma nguo za pamba. Katika mji mmoja wa jimbo hilo, uitwao Bury, John Charnley alizaliwa tarehe 29 Agosti, 1911. Baba yake alikuwa mwuza dawa mwenye duka lake, na mama yake alikuwa amesomea uuguzi. Basi tangu utotoni mtoto huyu alizoea kusikia habari za wagonjwa na dawa. Alisoma katika shule ya Bury Grammar School, na mwaka wa 1929 akaingia Chuo Kikuu cha Manchester kusomea udaktari.

Alihitimu mwaka wa 1935. Mwaka uliofuata, akiwa kijana wa miaka 25 hivi, alifaulu mitihani migumu ya Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji. Wengi hupata daraja hiyo wakiwa na umri mkubwa zaidi.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Charnley alijiunga na jeshi mwaka wa 1940 akiwa daktari. Baadaye alipelekwa Misri, akafanya kazi Cairo katika hospitali za jeshi. Huko ndiko kipawa chake cha pili kilipoonekana. Askari wengi waliletwa wakiwa na miguu iliyovunjika kwa risasi na mabomu, na vifaa vya kuitegemezea havikutosha. Charnley akawa mara kwa mara katika karakana pamoja na mafundi wa jeshi, akibuni na kutengeneza vyuma vya kutegemeza miguu hiyo. Alitambua kwamba mpasuaji wa mifupa ni daktari na seremala kwa pamoja. Asiyejua jinsi chuma kinavyopinda au msumari unavyoshika, hawezi kuutengeneza mguu wa binadamu ukadumu.

KURUDI MANCHESTER

Vita vilipokwisha, mwalimu wake, Profesa Harry Platt, alimpeleka kwa miezi kadhaa katika hospitali ya mifupa ya Oswestry. Huko alitaka kujua jinsi kipande cha mfupa kinavyoota kikihamishwa kutoka mahali pake. Hakutaka kumjaribia mgonjwa. Akamwomba daktari mwenzake akate kipande cha mfupa wa muundi wake yeye mwenyewe. Kidonda kile kikaingia vijidudu, na Charnley akawa mgonjwa kwa muda. Hatuwashauri wasomaji wafanye kama yeye! Lakini jambo hili latuonyesha tabia yake: hatari ikiwapo, aliona haki ianze kwake.

Aliporudi Manchester alifanya kazi katika hospitali kubwa ya mji na kufundisha madaktari vijana. Mwaka wa 1950 alitoa kitabu juu ya kuiunga mifupa iliyovunjika pasipo kupasua ngozi, kwa kuivuta na kuirudisha kwa mikono, kisha kuifunga plasta. Kitabu hicho kilipendwa sana na madaktari vijana, kwa sababu hakikusema tu kwamba mfupa urudishwe mahali pake, bali kilieleza mikono iwekwe wapi, ivute upande gani, na kwa nini. Tayari hapo tunamwona mwalimu.

NYONGA ILIYOLIA

Nyonga ya binadamu ni kama mpira uliokaa ndani ya kikombe. Mpira ni kichwa cha mfupa wa paja, na kikombe kimo katika mfupa wa kiuno. Vyote viwili vimefunikwa kwa gegedu laini, na kati yake mna ute. Gegedu likilika kwa uzee au kwa baridi yabisi, mfupa husagana na mfupa, na maumivu yake hayana kifani.

Kabla ya Charnley walikuwapo madaktari waliojaribu kuweka nyonga ya bandia. Kule Ufaransa, ndugu wawili, Jean na Robert Judet, walianza mwaka wa 1946 kuweka kichwa cha plastiki mahali pa kichwa cha mfupa wa paja. Wagonjwa walipata nafuu mwanzoni, lakini wengi wao hawakukaa sana kabla ya kuumwa tena.

Siku moja Charnley aliletewa habari za mtu aliyewekewa kichwa cha namna hiyo. Kila alipoinama nyonga yake ililia kama bawaba isiyotiwa mafuta, hata mkewe akawa anaepuka kukaa naye chumba kimoja. Watu wengine wangalicheka wakapita. Charnley alikwenda akatafakari. Kitu kinacholia ni kitu kinachokwaruzana, na kinachokwaruzana hulegea na kuchakaa. Basi shida haikuwa maumbo ya nyonga peke yake, bali ni kukosa utelezi.

Akaanza kupima viungo vya asili, akaona ya kuwa gegedu juu ya gegedu huteleza kupita hata chuma juu ya barafu. Tena aliona kwamba ute wa mwili, ambao hufanya kazi vizuri juu ya gegedu, hauwezi kukitelezesha kitu cha bandia namna ileile. Kwa hiyo ilimpasa atafute kitu chenye utelezi wake chenyewe.

Kutokana na fikira hizo alipata mambo matatu. La kwanza, kichwa cha chuma kiwe kidogo, chenye upana wa milimita 22 hivi, yaani karibu nusu ya kile cha asili. Mtu aliyewahi kutengeneza gari la ng'ombe atalielewa jambo hili: gurudumu huzunguka kwa wepesi zaidi juu ya ekseli nyembamba kuliko juu ya ekseli nene. La pili, kikombe kiwe cha plastiki yenye utelezi. La tatu, chuma na kikombe vishikwe ndani ya mfupa kwa saruji ya akriliki, ya jamii ileile waliyoitumia madaktari wa meno. Katika hili alishauriwa na Dennis Smith, mtaalamu wa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Manchester. Saruji hiyo si gundi. Hujaza kila pengo kati ya chuma na mfupa, kama vile mwashi ajazavyo nafasi kati ya mawe, ili uzito ugawanyike sawasawa.

KUSHINDWA

Kati ya Manchester na bahari, karibu na mji wa Wigan, ilikuwapo hospitali ya Wrightington, iliyojengwa kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Dawa mpya zilipopunguza ugonjwa huo, vitanda vikawa wazi. Charnley akaomba nafasi huko, akaweka karakana na maabara, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kikaanzishwa hapo kituo cha upasuaji wa nyonga. Aliiacha kazi yake katika hospitali kubwa ya Manchester, ambayo ilikuwa na heshima nyingi, akaenda kukaa hospitali ya shamba. Baadhi ya wenzake walishangaa.

Plastiki aliyoichagua kwanza ilikuwa Teflon, ileile inayopakwa ndani ya vikaango ili chakula kisigande. Baadhi ya vikombe alivikereza mwenyewe nyumbani kwake kwa mashine ya kukereza. Tangu mwaka wa 1958 aliwawekea wagonjwa karibu 300. Matokeo yake mwanzoni yalikuwa ya furaha tupu. Watu waliokuja kwa mikongojo walitembea bila fimbo. Wapasuaji wengine walitamani kufanya vilevile mara moja.

Lakini haukupita muda mrefu, habari zikageuka. Teflon ikawa inalika upesi mno kwa kusuguliwa na chuma. Unga wake uliingia katika nyama na mifupa, mwili ukaukataa, ukafanya uvimbe, na nyonga zikalegea. Mmoja baada ya mwingine, wale wagonjwa waliokuwa wamemshukuru wakaanza kurudi na maumivu.

Wasomaji, hebu tufikiri kidogo juu ya siku hizo. Mtu amefanya kazi kwa miaka mingi, amesifiwa, na sasa kila anapoingia zahanatini anamkuta mgonjwa aliyeharibikiwa kwa mkono wake. Angaliweza kusema kwamba wagonjwa hawakufuata maagizo. Angaliweza kuwapeleka kwa madaktari wengine. Charnley hakufanya hivyo. Alikubali kosa lake, akawapasua tena yeye mwenyewe, na kila kikombe alichokitoa alikipima aone kimelika kiasi gani. Kisha akajichoma sindano katika paja lake mwenyewe, akaingiza chembe za Teflon, ili auone mwili unavyoikataa. Uvimbe ulitokea, ukabaki.

FUNDI CRAVEN NA PLASTIKI YA VIWANDA

Katika karakana ya Wrightington alikuwapo fundi hodari aliyeitwa Harry Craven. Mwezi wa Mei mwaka wa 1962 alikuja mchuuzi mmoja akiuza plastiki nyingine, namna ya polietilini ngumu, iliyotumiwa kutengeneza gia za mitambo ya kufumia nguo katika viwanda vya Lancashire. Charnley aliitazama, akaikwaruza kwa ukucha, akaona haifai, akaondoka. Lakini Craven hakuitupa. Charnley alipokuwa safarini, fundi huyo aliiweka katika mashine ya kupimia uchakavu, akaiacha izunguke usiku na mchana. Majuma matatu yakapita, na plastiki ile ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon ilivyolika katika siku moja.

Charnley aliporudi alionyeshwa mashine. Akatazama, akapima, na bila haya akakubali kwamba fundi wake alikuwa ameona mbali kuliko yeye. Kichwa kingine kingaliona ni aibu kufundishwa na mtu wa chini yake. Huenda ndiyo maana alikuwa mwalimu mwema: alikuwa bado anaweza kufundishwa.

Akajichoma tena sindano, safari hii akitia chembe za plastiki mpya, wala mwili haukuikataa kama ilivyokuwa kwa Teflon. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1962 akaanza kuitumia kwa wagonjwa. Nyonga za namna hiyo zilidumu. Baadhi yake zilifanya kazi ndani ya miili ya wenyewe kwa miaka zaidi ya 20 na hata 30.

MLANGO ULIOFUNGWA

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kubwa kupita yote katika maisha yake.

Habari za nyonga mpya zilienea. Wapasuaji kutoka nchi nyingi waliandika barua wakitaka kununua vifaa. Mwuzaji alikuwa tayari, nayo ni kampuni ya Thackray ya mji wa Leeds. Charnley angaliweza kutajirika kwa haraka na jina lake likajaa dunia nzima. Lakini alikataa. Alikumbuka wale wagonjwa 300. Kama wakati ule kila mpasuaji angalikwisha igeza nyonga ya Teflon, walioharibikiwa wangalikuwa maelfu. Basi akapatana na kampuni kwamba kwa miaka kadhaa isimwuzie mpasuaji yeyote nyonga hiyo mpaka amekuja kwanza Wrightington, akaona na kujifunza jinsi inavyowekwa.

Watu hawakupendezwa wote. Wako waliosema kwamba anajivuna, na kwamba mpasuaji mzoefu hana haja ya kwenda shule tena. Wako pia waliosema neno zito zaidi: wagonjwa wanateseka leo, kwa nini wangoje? Neno hilo halikuwa la upuuzi. Kila mwezi wa kungoja ulikuwa mwezi wa maumivu kwa mtu fulani katika mji fulani. Charnley alijua hivyo, maana wagonjwa hao aliwaona kila siku. Lakini alijua pia kwamba nyonga iliyowekwa vibaya humwacha mgonjwa katika hali mbaya kuliko ile ya kwanza, na kwamba kuitengeneza mara ya pili ni kazi ngumu mara nyingi zaidi. Haraka haraka haina baraka.

Je, ni nini walichokwenda kujifunza wapasuaji hao? Kwanza walijifunza utaratibu. Kila hatua ilikuwa na nafasi yake na kila chombo kilikuwa na sinia lake. Vyombo vya hatua ya kwanza vilikuja pamoja, vikaondoka pamoja, ndipo vikaja vya hatua ya pili. Mpasuaji hakutafutatafuta, wala mwuguzi hakukisia.

Pili, walijifunza wakati. Saruji ya akriliki ikikwisha changanywa huganda kwa dakika chache tu, wala haimsubiri mtu. Ikitiwa mapema mno ni majimaji, ikichelewa haishiki. Katika dakika hizo mpasuaji hana nafasi ya kufikiri upya. Lazima mikono iwe imekwisha jua.

Tatu, walijifunza pembe. Kikombe kikiinama mno upande mmoja, siku moja mgonjwa anapoketi kwenye kiti kifupi kichwa cha chuma huchomoka. Jambo hili halionekani siku ya upasuaji. Huonekana baadaye, mpasuaji akiwa amekwisha sahau. Charnley mwenyewe alikuwa na desturi ya kukikata kinundu cha juu cha mfupa wa paja ili auone vizuri mlango wa nyonga, kisha hukifunga tena kwa waya. Wapasuaji waliokuja baadaye walipata njia nyingine zisizohitaji kukikata, wakaacha desturi hiyo. Hivyo ndivyo elimu iendavyo. Mwanafunzi hafungwi na kila neno la mwalimu, lakini kwanza yampasa alijue.

Nne, walijifunza usafi. Hapo mwanzo, katika kila wagonjwa 100 aliowapasua Charnley, kama 7 nyonga zao ziliingia vijidudu, na hilo ni balaa kubwa, maana mara nyingi lazima chuma kitolewe. Yeye alishuku hewa ya chumba cha upasuaji. Kwa msaada wa kampuni ya Howorth, iliyokuwa na ujuzi wa kuchuja hewa, alijenga kibanda ndani ya chumba, hewa safi ikishuka juu ya mgonjwa wakati wote, na wapasuaji wakavaa mavazi yaliyowafunika mpaka kichwani, yenye mipira ya kuvuta nje pumzi zao. Kufikia mwaka wa 1970 walioingia vijidudu walikuwa wamepungua hata kuwa chini ya 1 katika 100. Hayo yalifanyika kabla haijawa desturi kumpa kila mgonjwa wa namna hiyo dawa za kuua vijidudu. Siku hizi dawa na hewa safi hutumika pamoja.

Tano, na hili ndilo gumu kwa moyo wa binadamu, walijifunza kuhesabu. Charnley aliwafuata wagonjwa wake mwaka baada ya mwaka, akiandika waliofaulu na walioharibikiwa. Aliwaomba wakubali kwamba watakapofariki dunia, nyonga zao zitolewe zipimwe, na wengi walikubali kwa hiari. Hata alipotoa taarifa yake kubwa mwaka wa 1972, juu ya nyonga 379, zote zilikuwa zimekwisha angaliwa kwa muda wa miaka 4 hata 7. Hakutaka kusifu kazi ya juzi.

MWANAFUNZI ALIYETAZAMA GOTI

Mlango wa Wrightington ulifungwa kwa wenye haraka, lakini kwa wenye kutaka kujifunza ulikuwa wazi. Walikuja vijana kutoka Ulaya, Marekani na kwingineko, wakakaa, wakashika vyombo, wakasimama kando ya bwana yule mkali. Alikuwa mkali kweli. Kazini hakuvumilia uzembe, wala maneno mengi.

Mmoja wa vijana hao aliitwa Frank Gunston, kutoka mji wa Winnipeg katika nchi ya Kanada. Alikuwa amekuja kujifunza nyonga. Alipokuwa akitazama, akajiuliza kama kanuni zilezile, yaani chuma juu ya polietilini na saruji ya kushika, zisingeweza kulisaidia goti. Goti si mpira katika kikombe. Linapokunjwa, mfupa wa paja hubingirika na kuteleza juu ya mfupa wa muundi, na pale linapozungukia huhama. Waliokuwa wameweka bawaba za chuma katika magoti waliona zinalegea, kwa sababu bawaba huzunguka mahali pamoja tu. Gunston akabuni vipande vidogo vya duara vya chuma, viendavyo katika mifereji ya plastiki, ili goti lipate mwendo unaofanana na wake wa asili. Goti hilo lilianza kutumika huko Wrightington mwaka wa 1968, na mwaka wa 1971 akatangaza matokeo. Magoti ya siku hizi yamepita mbali sana na lile lake, lakini yeye ni mmoja wa waliofungua njia.

Tuone basi: kama Charnley angalituma vifaa kwa posta, Gunston angalipokea sanduku la nyonga. Kwa kuwa alimwita aje ajifunze, alipata kanuni zake, na kutokana na kanuni hizo likatoka goti.

HESHIMA NA MWISHO WAKE

Charnley alichelewa kuoa. Mwaka wa 1957, akiwa na miaka 45, alimwoa Bibi Jill Heaver, wakapata mtoto wa kiume na wa kike. Heshima nazo zilikuja baada ya kazi. Mwaka wa 1974 alipewa tuzo ya Lasker ya Marekani, na mji wake wa Bury ukamheshimu. Mwaka wa 1975 aliingizwa katika Royal Society, jamii ya wataalamu wakubwa wa sayansi, jambo lisilo la kawaida kwa mpasuaji. Mwaka wa 1977 Malkia Elizabeth wa Pili alimpa daraja ya Sir. Mwaka wa 1979 alitoa kitabu kikubwa kinachoeleza upasuaji wa nyonga hatua kwa hatua, ili hata ambao hawakuwahi kufika Wrightington wapate kufundishwa naye.

Alifariki dunia tarehe 5 Agosti, 1982, kabla ya kutimiza miaka 71.

Leo zaidi ya watu 1,000,000 huwekewa nyonga za bandia kila mwaka duniani. Namna za kufundisha zimeongezeka. Daktari kijana huanza kwa mifupa ya plastiki mezani. Halafu husimama msaidizi. Halafu hufanya hatua moja, kisha mbili, mwalimu wake akiwa kando. Mwisho hufanya kazi yote, na kila upasuaji huandikwa katika daftari yake. Nchi kadhaa zimeweka daftari za taifa za kuandika kila nyonga na kila goti lililowekwa, ili mbaya lijulikane mapema. Sweden ilianza ya magoti mwaka wa 1975 na ya nyonga mwaka wa 1979. Hapa kwetu pia, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, viungo vya nyonga na magoti hubadilishwa. Pengine kati ya wanaosoma ukurasa huu yumo atakayekuwa mpasuaji huko.

Kwake yeye, na kwetu sisi sote, maisha ya Charnley yana mafundisho. Alishindwa mbele ya watu, lakini hakuficha. Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele, lakini ni kwa yule tu anayegeuka kulitazama jiwe lililomkwaza. Tena alipofaulu hakutupa ujuzi wake sokoni kama bidhaa. Aliutoa pamoja na nidhamu yake, kwa mkono, kwa mtu aliyekuja kuupokea.

Wanafunzi wenzangu, mara nyingi tunanung'unika mwalimu anapotuamuru turudie jaribio la maabara lililokwisha kufanywa, au anapotukataza kushika chombo kabla hatujakieleza. Tumkumbuke bibi yule anayeshika ukuta. Siku moja atalala juu ya meza, atapewa dawa ya usingizi, wala hataweza kuuliza kama daktari wake alijifunza vizuri au alifanya haraka. Swali hilo hujibiwa mapema, darasani na karakanani, miaka mingi kabla ya siku ile.